Tathmini ya Eksirei ya Kidijitali ya Meno: Inavyofaa na Isivyofaa Katika Kutafuta Uozo

Mashine za eksirei za kidijitali za meno huuzwa kwa ahadi tatu: kwamba picha hutoka papo hapo, kwamba mgonjwa hupata mionzi kidogo kuliko zamani, na kwamba daktari huona uozo ambao filamu ingeuficha. Kwa kuwa nimefanya kazi na filamu zilizosafishwa kwa dawa ndani ya chumba cha giza, kisha na mabamba ya fosfa, na sasa na vihisi vya waya, naweza kusema kwamba ahadi ya kwanza ni kweli tupu, ya pili ni kweli yenye masharti, na ya tatu, ambayo ndiyo inayomgusa zaidi mtu ambaye jino lake limeanza kuoza, haijatimia kwa kiwango kinachotangazwa. Tathmini hii inahusu matumizi hayo peke yake. Upandikizaji wa meno, unyooshaji wa meno na matibabu ya mizizi vina mahitaji yake, na huko teknolojia hii hii ingestahili hukumu nyingine.

Ni vyema kuanza na kile ambacho eksirei inaombwa ifanye. Magego yamesimama yakigusana kwa ubavu, na uozo wa ubavuni huanza chini kidogo ya mahali yanapogusana, palipojificha kiasi kwamba mswaki haupafikii na kioo cha daktari hakipaoni. Asidi ya bakteria huyeyusha polepole madini ya enameli, yaani tabaka la nje la jino, na kwa muda mrefu tabaka la juu kabisa hubaki zima huku chini yake pamekwisha kudhoofika. Enameli ndiyo tishu ngumu kuliko zote mwilini, hivyo huzuia mionzi mingi na kuonekana nyeupe katika picha. Pale madini yalipopungua, mionzi hupita kwa wingi zaidi na kuacha kivuli cheusi. Shida ni kwamba kivuli hicho hakitambuliki kwa jicho mpaka takriban asilimia 30 hadi 40 ya madini ya mahali hapo iwe imekwisha kupotea. Picha safi kuliko zote, iliyopigwa kwa kifaa kipya kuliko vyote, bado hufika wakati uozo umekwisha kuanza kitambo. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2022, lilikadiria kwamba watu wapatao bilioni 2 wana uozo katika meno ya ukubwani na watoto milioni 514 katika meno ya utotoni, kwa hiyo kosa dogo la usomaji wa picha likizidishwa kwa idadi hiyo huwa ni meno mengi yaliyochimbwa bure au yaliyoachwa yakatoboka.

Vifaa vyenyewe viko vya namna mbili. Cha kwanza ni kihisi, kipande kigumu chenye chipu ya silikoni ambayo juu yake pamewekwa tabaka la kemikali, mara nyingi iodaidi ya siziamu au kiwanja cha gadoliniamu, linalogeuza mionzi kuwa mwanga ambao chipu inaweza kuupokea. Waya huipeleka ishara kwenye kompyuta na picha huonekana baada ya sekunde chache. Kifaa cha kwanza cha aina hii kuingia sokoni kilitokana na kazi ya daktari wa meno Mfaransa, Francis Mouyen, na kiliuzwa na kampuni ya Trophy kuanzia mwaka 1987. Namna ya pili ni bamba jembamba lililopakwa fosfa ya bariamu iliyochanganywa na europiamu, ambalo huhifadhi nishati ya mionzi mpaka lipitishwe kwenye mashine ya leza. Leza nyekundu ikiligusa, bamba hutoa mwanga wa buluu, na mwanga huo ndio unaopimwa na kuwa picha. Bamba kisha hufutwa kwa mwanga mkali na kutumiwa tena.

Kwa anayekaa kwenye kiti cha matibabu, tofauti ya vifaa hivi viwili ni kubwa kuliko tofauti ya picha zake. Kihisi kina unene wa milimita kadhaa, hakipindi, na kona zake huchoma sakafu ya kinywa na kaakaa, hasa kwa mtoto na kwa mtu mwenye taya nyembamba. Wengine hupata kichefuchefu hata kabla ya kubonyezwa kitufe. Zaidi ya hapo, eneo linalopokea mionzi ni dogo kuliko umbo la nje la kihisi, kwa sababu kingo zake zimejaa vifaa vya umeme na plastiki ya kukinga, na matokeo yake ni kwamba ubavu wa nyuma wa chonge au gego la mwisho hukatwa nje ya picha ambayo filamu ya ukubwa ule ule ingeutosheleza. Kliniki nyingi hulazimika kupiga picha mbili kila upande badala ya moja. Bamba, kwa upande wake, huvumilika vizuri zaidi mdomoni na lina ukubwa kamili wa filamu, lakini hukwaruzika, na kila mkwaruzo hubaki kama mstari au nukta katika kila picha itakayopigwa baadaye. Likikaa kwenye mwanga wa chumba kabla ya kupitishwa kwenye leza, picha huanza kufifia. Likiingizwa mdomoni kinyume, picha bado hutokea, ila upande wa kulia hugeuka kuwa wa kushoto, na ndiyo maana mabamba mazuri huwa na alama upande wa nyuma ambayo msomaji wa picha anapaswa kuizoea.

Uchaguzi wangu hauna utata: kwa watoto na kwa ukaguzi wa jumla wa kinywa ningependelea bamba, na kwa mtu mzima mwenye jino moja linalosumbua, anayehitaji jibu kabla ganzi haijaisha, ningependelea kihisi. Kuhusu usafi, vyote viwili haviwezi kuchemshwa kwa mvuke kama vyombo vya chuma, hivyo huvalishwa mfuko mpya kwa kila mgonjwa na kufutwa kwa dawa kati ya mmoja na mwingine. Mgonjwa ana haki ya kuuona mfuko huo ukibadilishwa.

Sasa niingie katika jambo ambalo matangazo huliruka. Mwaka 1925 Howard Riley Raper wa Marekani alibuni picha ambayo mgonjwa huing'ata kwa kipande kidogo kilichochomoza kati ya meno ya juu na ya chini, ili taji za meno ya pande zote mbili ziingie katika picha moja na mionzi ipite sawasawa katika mianya ya magego. Miaka mia moja baadaye, picha hiyo ya kung'ata ndiyo bado nguzo ya utafutaji wa uozo wa ubavuni, na ubora wake huamuliwa zaidi na mwelekeo wa bomba la mionzi kuliko na kitu kilichomo mdomoni. Bomba likikengeuka kwa digrii chache tu kwenda mbele au nyuma, ubavu wa gego moja hupandana na wa jirani yake, na hapo patupu ambapo uozo ungeonekana hufunikwa na weupe wa enameli mbili zilizolaliana. Kihisi cha bei ghali kikipigwa kwa pembe mbaya hutoa picha mbaya iliyo angavu.

Tena, ugumu wa kihisi huongeza uwezekano wa pembe hiyo mbaya. Filamu na bamba hutulia kwa kufuata mteremko wa taya, lakini kihisi hukataa, hujiegemeza kwenye kaakaa, na mpigaji asiye na subira huishia kulielekeza bomba kokote kihisi kilikoelekea. Kishikio chenye pete ya kulengea bomba hupunguza tatizo hili kwa kiasi kikubwa, na kliniki inayopiga picha za kung'ata kwa kukisia kwa macho, bila kishikio wala pete, naipunguzia alama mara moja. Yeyote anaweza kuikagua picha yake kwenye skrini: mianya kati ya magego iwe wazi kama mistari myembamba myeusi, mstari wa kutafunia uwe umelala, kilele cha mfupa kati ya meno kionekane juu na chini, na ubavu wa nyuma wa chonge usikatwe. Gego la mwisho linapopandana kidogo na jirani yake naweza kusamehe, kwa kuwa mpangilio wa meno ya watu hautii kanuni za jiometri. Lakini picha ambayo mianya yote imezibwa haifai kusomwa kwa ajili ya uozo, hata kama weusi na weupe wake unapendeza.

Hapa ndipo kasi ya kidijitali inapogeuka kuwa kishawishi. Wakati wa filamu, kila picha iliyoharibika iligharimu dakika za kusubiri na dawa za kusafishia, hivyo mpigaji alijipanga kabla ya kubonyeza. Siku hizi picha mbaya hufutwa na nyingine hupigwa katika muda ambao mgonjwa hajameza hata mate, na marudio hayo huingia mwilini mwake ingawa hayaingii katika kumbukumbu. Katika tathmini yoyote ya mfumo wa kidijitali ningetaka kujua kwanza kama programu yake inazihifadhi picha zilizokataliwa au inaziruhusu zitoweke. Inayozihifadhi humfundisha mpigaji. Inayozifuta humlea vibaya.

Ahadi ya kuona zaidi sasa. Uozo wa ubavuni huonekana kama pembetatu nyeusi ambayo kitako chake kiko kwenye uso wa jino na ncha yake inaelekea ndani. Wataalamu hugawa hatua zake kwa kina: nusu ya nje ya enameli, nusu ya ndani, kisha theluthi ya kwanza, ya pili na ya tatu ya dentini, yaani tishu iliyo chini ya enameli, kuelekea kwenye kiini chenye mishipa na neva. Picha hupunguza ukubwa halisi. Uozo unaoonekana kuishia kwenye enameli mara nyingi umekwisha kuigusa dentini. Mapitio ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaokusanya na kupima tafiti za tiba, yaliyochapishwa mwaka 2021, yaliyokusanya tafiti nyingi kuhusu uozo wa mapema, yalionyesha kwamba eksirei hugundua chini kidogo ya nusu ya nyuso zenye uozo huo, huku ikizipitisha salama karibu tisa kati ya kila kumi ya nyuso nzima. Tafiti zilizolinganisha filamu na vifaa vya kidijitali kwa kazi hii, kwa miaka mingi na kwa meno yaliyokatwa baadaye ili ukweli uonekane kwa hadubini, kwa kawaida hazikuona tofauti kubwa kati yake. Mtu anayeambiwa kwamba kifaa kipya kinaona kila kitu anauziwa kitu ambacho hakipo.

Udhaifu huo una upande wa pili, yaani vivuli ambavyo si uozo. Shingoni mwa jino, kati ya ukingo wa enameli na kilele cha mfupa, mionzi hupita kwa urahisi na kuacha weusi unaofanana sana na uozo wa mzizi. Ukipiga picha kwa pembe nyingine kidogo, weusi huo hubadilika umbo au kutoweka, jambo ambalo uozo wa kweli haulifanyi. Mpaka kati ya enameli nyeupe na dentini ya kijivu huzua mstari mweusi ambao haupo ila katika mfumo wa kuona wa binadamu. Vijazo vya zamani vya rangi ya jino vilivyotengenezwa bila madini ya kuzuia mionzi huonekana kama mashimo yaliyochongwa vizuri mno. Upande wa kutafunia nao ni habari nyingine kabisa: enameli nene ya pande zote mbili huufunika uozo wa vifereji vya juu, hivyo picha huonyesha uozo huo pale tu ulipokwisha kuenea ndani ya dentini. Kwa sehemu hiyo, jino lililosafishwa, likakaushwa kwa hewa na kuangaliwa kwa mwanga mzuri humweleza daktari mengi kuliko kihisi chochote.

Programu zinazoambatana na vifaa hivi zina vitufe vingi kuliko manufaa. Kihisi cha kisasa kinaweza kurekodi daraja 4,096 za kijivu, skrini ya kawaida huonyesha 256, na jicho hutofautisha chache hata kuliko hizo kwa wakati mmoja. Kwa hiyo kitufe cha kubadili ukolezi wa weusi na weupe kina kazi ya kweli, kwa sababu huvuta mbele daraja ambazo zingebaki zimefichika. Ukuzaji wa wastani pia husaidia. Kichujio cha kunoa kingo, kwa upande mwingine, nakitilia shaka kubwa: huchora ukanda mweusi pembeni mwa kijazo cheupe, na ukanda huo husomwa na wengi kama uozo mpya chini ya kijazo. Picha yenye kingo zilizonolewa hupendeza machoni pa mgonjwa na ndiyo maana watengenezaji wengi huiweka kama chaguo la kwanza; daktari makini huirudisha katika hali yake ya asili kabla ya kutoa hukumu. Nyongeza moja isiyotangazwa na yeyote ni kupunguza taa za chumba. Skrini inayosomwa chini ya taa kali ya kiti cha matibabu hupoteza vivuli hafifu ambavyo ndivyo hasa vinavyotafutwa, na pazia la dirishani lina faida kuliko vichujio vyote vya programu.

Kuhusu akili mnemba inayochora visanduku vya rangi juu ya meno yanayoshukiwa, maoni yangu yako katikati. Jaribio lililofanywa Ujerumani na kuchapishwa mwaka 2021, ambalo madaktari 22 walisoma picha za kung'ata wakiwa na msaada wa programu ya aina hiyo na bila msaada huo, lilionyesha kwamba wenye msaada waligundua uozo zaidi, hasa ule wa enameli, lakini pia walielekea zaidi kuamua kuchimba. Matokeo hayo yanaeleza kila kitu ninachokihofia: chombo kinachoongeza ugunduzi wa uozo usiohitaji kuchimbwa kinafaa tu mikononi mwa mtu anayejua kutouchimba. Kama jicho la pili mwishoni mwa siku ndefu ya kazi, naikubali. Kama picha ya rangi ya kumshawishi mgonjwa akubali matibabu, naikataa, na nimeona ikitumiwa kwa namna hiyo.

Tukija kwenye mionzi, historia yenyewe inatoa kipimo. Mwanzoni mwa mwaka 1896, miezi michache tu baada ya Wilhelm Röntgen kugundua mionzi hii Novemba 1895, Otto Walkhoff wa mji wa Braunschweig alijipiga picha ya meno yake mwenyewe kwa kukaa mbele ya mionzi dakika 25. Leo kazi hiyo huchukua sehemu ndogo ya sekunde. Naye C. Edmund Kells wa New Orleans, aliyekuwa miongoni mwa madaktari wa kwanza Marekani kutumia eksirei kwa meno, alizoea kuurekebisha mtambo wake kwa kuuweka mkono wake mbele ya mionzi. Saratani ilimlipa kwa kumpokonya vidole, kisha mkono, na alifariki mwaka 1928. Mhudumu anayetoka chumbani au kusimama nyuma ya kinga kabla ya kubonyeza hafanyi hivyo kwa sababu picha yako moja ni hatari, bali kwa sababu yeye hupiga nyingi kila siku ya kazi.

Je, kidijitali ndicho kilicholeta upungufu huo wa mionzi? Kwa sehemu. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2008 na mtafiti John Ludlow na wenzake yaliipa seti ya picha nne za kung'ata takriban maikrosiveti 5 (kipimo cha dozi ya mionzi; maikrosiveti 1,000 ni milisiveti 1), iwapo mkondo wa mionzi umebanwa kwa umbo la mstatili na kipokezi ni bamba la fosfa au filamu ya kasi ya daraja F, ile inayohitaji mionzi kidogo kuliko madaraja mengine. Hicho ni kiasi kidogo kuliko kile ambacho mtu wa kawaida hupokea kwa siku moja kutoka ardhini, angani na katika chakula, kwa kuwa wastani wa dunia ni takriban milisiveti 2.4 kwa mwaka. Lakini tazama kwamba bamba na filamu ya kasi vimewekwa katika kundi moja. Katika makadirio hayo hayo, seti kamili ya picha za kinywa kizima ilipanda kutoka takriban maikrosiveti 35 hadi 171 kwa kubadili jambo moja tu, nalo ni umbo la mdomo wa bomba kutoka mstatili kuwa duara. Kipande cha chuma kinachoubana mkondo kina thamani kuliko mabadiliko kutoka filamu ya kasi kwenda kwenye bamba, ila hakina skrini wala taa, kwa hiyo hakionyeshwi katika matangazo. Kihisi huhitaji mionzi michache kuliko filamu, na ikilinganishwa na filamu za zamani za daraja D upungufu ni mkubwa sana. Lakini kliniki yenye kihisi kipya na bomba la duara lisilobanwa imeacha sehemu kubwa ya faida hiyo mezani.

Kuhusu aproni ya risasi, wengi watashangaa wasipovalishwa. Chama cha Madaktari wa Meno cha Marekani kilitangaza mwaka 2024 kwamba hakipendekezi tena aproni wala kinga ya shingo katika picha za meno, kwa hoja kwamba mkondo uliobanwa vizuri hauhitaji kinga hiyo na kwamba aproni inaweza kuingia ndani ya picha na kusababisha irudiwe. Sheria za nchi mbalimbali bado zinatofautiana, kwa hiyo sihesabu kuvalishwa au kutovalishwa kuwa kasoro. Kasoro ninayoihesabu ni upigaji wa picha kwa mazoea. Mwongozo wa Marekani wa mwaka 2012 ulipendekeza picha za kung'ata kila baada ya miezi 24 hadi 36 kwa mtu mzima asiye na hatari kubwa ya kuoza meno, na miezi 6 hadi 12 kwa mtoto aliye katika hatari. Hakuna mahali mwongozo huo unaposema kila mtu apigwe kila anapokuja. Huduma inayoanza na eksirei kabla ya daktari kufungua kinywa cha mgonjwa imepindua utaratibu, kwa sababu hatari ya kuoza hupimwa kwa maswali na kwa macho kwanza.

Faida ambayo naipa mifumo ya kidijitali alama zote ni ulinganishaji. Uozo ulioishia kwenye enameli, ambao uso wake haujatoboka, hauchimbwi. Hupakwa floraidi, usafi kati ya meno hurekebishwa, au rezini nyepesi huingizwa kuziba vinyweleo vyake, kisha husubiriwa kuonekana kama umesimama au unaendelea. Hukumu hiyo hutegemea picha mbili zilizopigwa kwa vipindi tofauti na kwa pembe inayofanana, zikawekwa bega kwa bega kwenye skrini moja. Kwa filamu jambo hilo liliwezekana, ila filamu zilipotea, zilibadilika rangi, au zilisafishwa kwa dawa iliyochakaa kiasi kwamba picha ya leo na ya mwaka juzi hazikuwa na weusi unaolingana. Mgonjwa naye, akionyeshwa vivuli viwili vya jino lake ambavyo havijasogea, huelewa kwa nini daktari hachimbi, na huo ni utulivu ambao maelezo ya mdomo hayaupati.

Vipo vifaa visivyotumia mionzi ambavyo hutajwa kama mbadala. Kamera zinazoangaza jino kwa mwanga usioonekana wa karibu na nyekundu, wa nanomita 780, huonyesha uozo wa enameli kati ya magego vizuri kuliko nilivyotarajia, ingawa hazionyeshi kina kuelekea kwenye kiini wala hali ya mfupa. Kalamu za leza ya nanomita 655, ambazo hutoa namba badala ya picha, hudanganywa na madoa, utando na mabaki ya dawa ya kung'arishia. Nazitumia za kwanza kupunguza idadi ya eksirei, hasa kwa wajawazito wenye wasiwasi na watoto, na za pili sizitumii tena.

Limebaki suala la utunzaji na umiliki wa picha, ambalo kliniki nyingi hulishughulikia vibaya kuliko upigaji wenyewe. Picha ya asili ya mfumo mzuri huhifadhiwa katika DICOM, muundo wa faili unaotumiwa kwa picha za kitabibu, pamoja na tarehe, upande wa kinywa na vipimo vya mionzi vilivyotumika, na inaweza kufunguliwa katika programu ya kampuni nyingine bila kupoteza chochote. Kinachotolewa kwa mgonjwa anayehama, mara nyingi, ni picha ya skrini iliyopigwa kwa simu au faili ya JPEG iliyotumwa kwa programu ya ujumbe, ambayo huibana mara ya pili na kufuta vivuli hafifu vya enameli. Daktari anayeipokea hawezi kuilinganisha na yake, kwa hiyo hupiga nyingine, na mionzi ambayo kifaa kilisifiwa kwa kuipunguza hurudi kwa mlango wa ofisi ya kumbukumbu. Anayepigwa picha leo na aombe faili ya asili kabla ya kuondoka, ikiwa na tarehe yake, na aihifadhi mwenyewe mahali pawili.